BARUA YA KARANI: Chini ya Ngazi, Kilimani Aventino



Tangu tuliporudi kutoka hija ya mwaka wa Jubilei, 2025, wengi mmeniuliza habari za Roma. Habari za Kanisa la Mtakatifu Petro na za Mlango Mtakatifu mmekwisha kuzisikia kwa Baba Paroko, naye anazieleza vizuri kuliko mimi. Leo nataka niwapeleke mahali pengine, ambapo mahujaji wengi hawafiki, au wakifika hukaa dakika kumi tu. Ni kilima cha Aventino, mtaa wa watu wenye nafasi zao.

Katika safari ile kazi yangu ilikuwa kushika orodha na kuhesabu watu asubuhi na jioni, tusije tukampoteza mtu. Siku moja ya mwisho wa Mei wenzetu waliomba wapumzike, maana miguu iliwavimba. Bibi mmoja wa kigango chetu, mjane wa katekista, akakataa. "Mwalimu," akaniambia (ananiita hivyo hata leo kwa sababu nilipitia chuo cha ualimu kabla ya kukaa ofisini mwa parokia), "mimi sikuuza kahawa ya misimu miwili nije kulala." Basi tukatoka, yeye na mimi.

Ukiwa Roma nawe, panda treni ya chini ya ardhi, ushuke kituo kiitwacho Circo Massimo. Hapo utaona uwanja mrefu wa majani, kama mita 600, ambamo Waroma wa kale walishindana kwa magari ya farasi. Uvuke, ndipo uanze kupanda. Kelele za magari zinabaki chini, na baada ya mwendo mfupi husikii kitu ila ndege na viatu vyako mwenyewe.

Njiani utapita bustani ya mawaridi ya mji. Usiipite upesi. Tangu mwaka 1645 mpaka 1934 hapo palikuwa makaburi ya Wayahudi wa Roma. Mwaka 1950 pakafanywa bustani, jumuiya ya Wayahudi ikakubali, na njia za bustani zikachorwa kwa umbo la kinara chao cha matawi saba, ili watu wakumbuke ni nani waliolala pale. Bibi alipoelezwa, alivua viatu akatembea hatua kadhaa hivyo hivyo. Mlinzi wa bustani akamtazama tu, hakusema neno.

Juu zaidi ndipo nyumba zinapoanza. Kuta zina rangi ya udongo mwekundu na ya chungwa lililoiva. Misonobari ni mirefu, vilele vyake kama miavuli. Mageti ni ya chuma, na maua yananing'inia juu ya kuta. Ni pazuri, sitawadanganya. Lakini hatukuona mtoto akicheza, wala mtu aliyekaa barazani, wala duka la kununua hata kiberiti. Bibi akasimama katikati ya njia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kuna msiba hapa?"

Sikumcheka. Kwetu kijiji kikinyamaza asubuhi, na watu hawako shambani, ujue kuna maiti. Nikamweleza kwamba hapa ukimya ni mali kama mali nyingine, watu huununua pamoja na nyumba. Akaenda kulitazama geti moja, akaona vitufe vya kengele vimepangwa safu. "Sasa mwenye kiu apige hodi wapi?" Sikuwa na jibu. Bahati njema, mbele kidogo, karibu na Kanisa la Mtakatifu Sabina, kuna chemchemi yenye uso mkubwa wa jiwe unaotoa maji kinywani. Akanawa uso na mikono, tukaingia bustani ya michungwa iliyo jirani, tukakaa. Michungwa yenyewe ni ya matunda machungu, lakini kivuli chake ni kitamu, na ng'ambo ya mto Tevere unaliona kuba la Mtakatifu Petro.

Hapo nikamsimulia yale niliyosoma. Kilima hiki hakikuwa cha matajiri tangu mwanzo. Katika mapokeo ya Waroma, mwaka 456 kabla ya Kristo sheria iligawa ardhi ya Aventino kwa watu wa kawaida wapate kujenga. Walipoonewa na wakubwa waliacha kazi wakajikusanya kilimani, wakakataa kushuka mpaka wasikilizwe. Jina hilo halikusahaulika: mwaka 1924, mbunge Giacomo Matteotti alipouawa na watu wa Mussolini, wabunge wa upinzani walitoka bungeni, na kutoka kwao kukaitwa Aventino. Matajiri walikuja kuhamia baadaye, wakati wa makaisari.

Na miongoni mwa matajiri hao alikuwako mjane mmoja, Marsela. Mumewe alifariki miezi saba tu baada ya harusi. Mzee mmoja mkubwa wa serikali akataka kumwoa na kumwachia mali yake yote, Marsela akakataa. Aligawa alichokuwa nacho, akavaa nguo duni, na nyumba yake ya kilimani akaifanya mahali pa sala na masomo kwa wanawake. Mtakatifu Yeronimo alipokuja Roma mwaka 382 alifundisha Maandiko kwa wanawake hao, na Marsela alimsumbua kwa maswali kuliko wote. Yeronimo mwenyewe ameandika hivyo. Mwaka 410 Wagothi waliuteka mji, wakaingia kwake wakidai dhahabu. Akawaonyesha nguo yake chakavu. Hawakuamini kwamba mtu anaweza kukaa mtaa ule bila dhahabu, wakampiga kwa fimbo. Naye hakujiombea nafuu, aliwasihi tu wasimguse binti aliyekaa naye. Alifariki muda mfupi baadaye. Kanisa linamkumbuka tarehe 31 Januari.

Kanisa la Sabina lilijengwa miaka ishirini hivi baada ya hayo, wakati wa Papa Selestino wa Kwanza. Nguzo zake 24 za marumaru zinasimama nyeupe, na ndani hamna mapambo mengi. Ndipo Baba Mtakatifu anapokuja kwa desturi Jumatano ya Majivu. Uutazame mlango wa mbao za mberoshi, wenye picha za kuchongwa. Picha moja ni ya Bwana wetu kati ya wanyang'anyi wawili, nayo ni moja ya picha za kale kabisa za Kusulibiwa tulizo nazo. Mikono yake imenyooshwa, lakini msalaba wenyewe karibu hauonekani. Bibi alidhani mchongaji alisahau.

Ila kilichotushika siku ile kilikuwa katika kanisa linalofuata, la Watakatifu Bonifasi na Aleksi. Upande wa kushoto, juu ukutani, kuna ngazi nzee ya mbao, na chini yake sanamu ya mtu amelala. Huyo ni Mtakatifu Aleksi. Hadithi yasema alikuwa mtoto wa pekee wa tajiri wa kilima hiki. Usiku wa harusi yake akatoroka, akaenda mbali kuishi kwa kuombaomba. Miaka 17 baadaye akarudi, amekonda, amechakaa. Baba yake hakumtambua, ila alimwonea huruma akampa nafasi chini ya ngazi. Akakaa hapo miaka 17 mingine, watumishi wakimmwagia maji machafu, na wazazi wake wakipita juu yake kila siku huku wakimlilia mtoto wao aliyepotea. Alipokufa walikuta karatasi mkononi mwake yenye jina lake. Ni hadithi, wataalamu hawana uthibitisho wake. Kwa ajili hiyo sikukuu yake iliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima mwaka 1969, ingawa jina lake bado limo katika kitabu cha watakatifu, tarehe 17 Julai.

Tukiwa tumesimama, akaingia mama mmoja akisukuma kiti cha magurudumu. Kitini alikaa bikizee Mwitalia, amevaa vizuri sana, amesinzia. Yule mama alikiegesha kiti chini ya ngazi ile, akapiga magoti. Alipoinuka tukasalimiana. Alikuwa mtu wa Ufilipino, Mkatoliki, akijua Kiingereza, nami nikawa mkalimani. Yuko Roma miaka kumi na moja akiwatunza wazee wa mtaa ule. Ana watoto wawili waliolelewa na dada yake. Mkubwa sasa anasoma unesi kwa fedha yake. Huja pale karibu kila siku, kwa sababu bibi wake akiwa ndani ya kanisa hutulia.

Nikadhani Bibi angeuliza mshahara. Sisi wa kijijini ndilo swali letu la kwanza, tusifichane. Bibi akasema, "Muulize analala wapi."

Yule mama alinitazama kwanza, kama anataka kujua kama nimetafsiri sawa. Akasema analala katika chumba kidogo nyuma ya jiko, na mlango huuacha wazi ili amsikie mgonjwa akiita usiku. Jumapili ni yake, na Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Siku hizo hukutana na wenzake, wakapika chakula cha kwao. Mama yake mzazi alifariki akiwa hapa. Hakupata ruhusa mapema, akatuma fedha za mazishi akayatazama kwa simu. Watu wa nyumba ile si wabaya, alisema hivyo mara mbili. Kisha bikizee akaamka, akaanza kulalamika, nao wakaenda.

Bibi hakusema kitu. Mimi nilijua anachokiwaza, maana barua na fomu za nyumba yake hupita mezani kwangu. Mjukuu wake yuko Maskati, Omani, mwaka wa tatu sasa, anafanya kazi za ndani. Bati la nyumba ya Bibi limetoka huko. Tunaposema kijijini kwamba fulani "amepata," tunamtaja yeye. Ametuma picha nyingi: ngazi ya marumaru, chumba cha wageni chenye taa za vioo, magari mawili uani. Nimeziona zote. Za jikoni au za chumba chake, hata moja sijaiona.

Mwisho wa njia kuna uwanja mdogo uliobuniwa na Piranesi mwaka 1765, na hapo kuna geti la Mashujaa wa Malta. Watu walipanga foleni ndefu jua kali, kila mmoja angoje zamu ya kuchungulia tundu la ufunguo, maana kutoka tunduni unaliona kuba la Mtakatifu Petro katikati ya miti iliyokatwa kama ukuta. Nilichungulia. Ni kweli linaonekana, dogo kama yai. Bibi alikataa katakata, akasema kuchungulia nyumba ya mtu si adabu, na tena kuba lile tumeliona bure kule bustanini.

Hatua chache mbele ni Mtakatifu Anselmo, makao ya Abate Mkuu wa Wabenedikti wote. Sisi wa kusini pale tulijiona kama nyumbani kidogo. Abate Mkuu wa sasa, Jeremias Schröder, aliyechaguliwa mwaka 2024, ni mmonaki wa Mtakatifu Ottilia kule Ujerumani, abasia iliyo mama wa Peramiho na Ndanda. Tulikaa kanisani, nikatoa mkate na ndizi tulizobeba, tukala nje kivulini. Saa tisa tukateremka. Jioni nilihesabu watu wangu, wote walikuwapo.

Wiki moja baada ya kurudi, Bibi alikuja ofisini na vocha mkononi, nimwekee simuni. Hujipigia mwenyewe, lakini siku hiyo alitaka nimpigie mimi, mikono ilikuwa inamtetemeka. Mjukuu alipokea kwa furaha, akaanza kuuliza habari za Roma. Bibi hakumjibu habari za Roma.

"Mwanangu," akasema, "huko unalala wapi?"

Nikasikia kicheko upande wa pili, kisha kimya. Nikatoka nje nikafunga mlango, maana hayakuwa maneno ya karani. Walizungumza mpaka salio likaisha, na Bibi akanitumia mtoto dukani kununua vocha nyingine.