Ukimya wa Mwanafunzi Mkorea Si Ujinga

Rafiki yangu mmoja, Mzulu wa Afrika Kusini niliyeishi naye bweni moja tulipokuwa masomoni ng'ambo, aliwahi kufunza Kiingereza kwa miaka miwili katika shule ya kati mjini Seoul, Korea Kusini. Shule ya kati huko ni ya miaka mitatu, na wanafunzi wake ni wa umri wa miaka 12 hadi 15 hivi, rika la watoto wetu wa sekondari msingi. Barua aliyoniandikia mwezi wa kwanza ilijaa malalamiko. Watoto hao, alidai, hawana adabu, ni mabubu, tena ni wavivu.

Utovu wa adabu wenyewe ulikuwa upi? Siku ya kwanza tu walimwuliza ana umri gani na kama ameoa. Akakasirika, akakataa kujibu. Laiti angalijua Kikorea kidogo! Katika lugha hiyo, kitenzi hubadilika mwishoni kulingana na unayezungumza naye: mkubwa wako, mdogo wako, mgeni au mwandani. Mkorea asiyejua umri wa mwenzake huona taabu hata kuchagua namna ya kumsemesha. Ni kweli kwamba mwalimu angeheshimiwa vyovyote vile, maana huitwa kwa cheo chake, seonsaengnim, wala si kwa jina. Hata hivyo, mazoea ya kuuliza umri yamekita mizizi, na kwa mtoto yule swali hilo lilikuwa kama hodi mlangoni.

Ububu nao una asili yake. Mtihani mkuu wa kuingia vyuo vikuu, Suneung, ulioanza mwaka 1993, huheshimiwa kiasi kwamba ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati watahiniwa wanaposikiliza sehemu ya Kiingereza. Lakini Kiingereza hicho husikilizwa na kusomwa tu. Hakuna sehemu ya kuzungumza. Basi mtoto anayejua kwamba ulimi wake hautatahiniwa kamwe, na kwamba akikosea mbele ya wenzake atachekwa, kwa nini aufungue mdomo? Na yule anayesinzia darasani, ambaye rafiki yangu alikwisha mwandika kuwa mvivu, alikuwa akitoka shuleni jioni na kuingia hagwon, yaani darasa la ziada la kulipia. Huko Seoul sheria huyataka madarasa hayo yafungwe saa nne za usiku. Sheria haingehitajika lau watoto wangekuwa wakirudi nyumbani mapema.

Lililomtoa rafiki yangu jasho zaidi ni matamshi. Watoto walisema keikeu badala ya neno la Kiingereza la keki, na beoseu badala ya lile la basi. Krismasi, ambayo Mwingereza huitamka kwa silabi mbili, kwao ilikuwa na tano: keu-ri-seu-ma-seu. Aliwasahihisha hadi sauti ikamkauka. Nilimjibu kwa swali moja tu: kwenu Wazulu, keki na basi mwaziitaje? Akaandika: ikhekhe, ibhasi. Naam! Ulimi wa Kizulu, kama wa Kiswahili na wa Kikorea, haupendi neno la kigeni liishie kwa konsonanti kama hizo, ukalitafutia irabu ya kutulia. Kosa alilokuwa akiwakemea watoto wale ndilo ambalo lugha ya mamaye ilikuwa imelifanya zamani, likawa neno halali.

Baada ya hapo barua zake zilibadilika. Alianza kuwafunza akiwaonyesha irabu hizo zinatoka wapi, na yule msinzi, anasema, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono.

Hapa ndipo ninapokuwa na neno na wakuu wa elimu wa Korea. Mpango wao wa kuleta walimu wa kigeni katika shule za umma, EPIK, ulianza mwaka 1995. Orodha yao ya kawaida ya wanaohesabiwa kuwa wenye Kiingereza ni raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya aliyesoma hesabu, historia na sayansi kwa lugha hiyo tangu utotoni hayumo. Rafiki yangu alipita kwa pasipoti yake, ilhali kilichomfaa darasani ni Kizulu, na kumbukumbu ya jinsi alivyojifunza Kiingereza kwa taabu. Sifa hiyo hakuna fomu iliyoiulizia.

Katika Chuo Kikuu cha Hankuk, papo hapo Korea, Kiswahili kimefunzwa kwa miongo kadhaa, na miongoni mwa wanaokifunza ni Wakorea wenyewe, mabingwa waliobobea. Sijasikia mtu akiwadai pasipoti ya Kenya wala ya Tanzania.