Kabla ya Kusema RAM Imekufa

Kompyuta ya mtumba ikifika huku Muhuta huhukumiwa haraka. Inawashwa, mistari michache inatokea kwenye kioo, kisha kimya. Fundi anasema RAM imekufa. Ikibadilishwa na bado inakwama, anasema ubao mama nao umekufa, na mashine inawekwa stoo. Mimi napinga hukumu hiyo, kwa sababu inatolewa kabla shahidi hajaulizwa. Shahidi yupo: ni ramani ya kumbukumbu ambayo mashine yenyewe huitoa inapowaka.

Sisi watu wa ziwani hatuna haja ya kufundishwa sana maana ya eneo lililotengwa. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga mita 150 kutoka ufukwe wa Tanganyika. Anayejenga ndani yake anaweza kulala vizuri miaka mingi, mpaka ziwa lipande kama lilivyopanda mwaka 2021, ndipo ajue kiwanja hakikuwa chake.

RAM nayo ina viwanja vya namna hiyo. Kompyuta inapowashwa, BIOS huikabidhi kerneli orodha ya anwani: hapa pako wazi, hapa pametengwa, hapa pamewekwa majedwali ya ACPI. Kwenye mashine za x86 orodha hiyo huitwa e820. Kerneli ikijenga mahali palipotengwa, au kifaa kikiandika mahali ambapo kerneli imekwisha jenga, mashine inakwama. RAM haina kosa lolote. Ni wawili wanaogombania kiwanja kimoja.

Tena orodha yenyewe si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Mashine zenye picha za Intel huchukua sehemu ya RAM kwa ajili ya kioo, na sehemu hiyo inaweza isiandikwe kwenye e820 kuwa ya wazi wala kuwa iliyotengwa. Ndiyo maana Linux ina msimbo wake wa kuitenga mapema. Vilevile baadhi ya BIOS ziliharibu kumbukumbu ya chini bila kusema, mpaka mwaka 2021, katika toleo la 5.13, Linux kwenye x86 ikaamua kutenga MB 1 ya kwanza yote. Uamuzi huo ulifuata ripoti za watu waliokaa wakasoma mashine zao moja moja. Haukuwa wa kubahatisha.

Wako wanaoniambia: "Unajisumbua bure, andika mem=2G, itawaka." Kweli, huenda ikawaka. Lakini kwenye mashine ya GB 4 umetupa karibu nusu ya kumbukumbu. Ni sawa na kuhamisha kijiji kizima kwa sababu nyumba moja imeingia ufukweni. Na kuna baya zaidi. Maelezo ya kerneli yenyewe yanaonya kwamba mem= ikitumiwa bila memmap=, vifaa vya PCI vinaweza kuwekwa kwenye anwani za RAM iliyoachwa. Yaani dawa ya kubahatisha inaweza kuzaa ugomvi mwingine wa aina ileile.

Njia ya haki ni ndefu kidogo, lakini haina uchawi. Kama mashine ina tundu la serial, iunganishe na kompyuta nyingine na uwashe earlyprintk, ili maneno ya mwanzo yafike hata kioo kikinyamaza. Ongeza memblock=debug uone kerneli inatenga nini na wapi. Kisha chukua karatasi na kalamu, uandike anwani zilizotengwa upande mmoja, na mahali ilipowekwa kerneli na initrd upande wa pili. Zinapogongana, utaona. Hapo ndipo utenge kipande kile kile tu kwa memmap=, ukijua kwa nini.

Nasikia pia kwamba mambo haya ni ya wahandisi wa Ulaya, na kwamba Muhuta inahitaji mtu wa kuandika barua na kuchapa. Hoja hiyo imegeuzwa juu chini. Mwenye fedha akishindwa na mashine, ananunua nyingine. Ni shule yenye kompyuta tatu, zote za mtumba, inayohitaji mtu wa kusoma e820, kwa sababu kwake kuipoteza moja ni kupoteza theluthi ya darasa.

Kwa hiyo wenzangu tunaosoma kompyuta, nawaomba tuache kujivunia kusakinisha upya. Anayesakinisha mara nne bila kusoma ujumbe wa kwanza hajatengeneza kitu, amebahatisha mara nne. Na fundi anapomwambia mwalimu wa kijijini kwamba mashine imekufa, tumuulize swali moja la heshima: mzee, ramani yake umeisoma?