Gari za Mbao Zisitupwe

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaozienzi gari kuukuu za Volkswagen, zile ambazo Waafrika Mashariki wengi walizizoea kwa jina la kombi. Zilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1950, na muda si mrefu baadaye baadhi yake zikatiwa vitanda na majiko, zikawa nyumba za safari. Kiwanda cha mwisho, cha Brazil, kilisita kuziunda mwaka 2013. Lakini mwaka 2017, katika mnada mmoja huko Marekani, moja ya mwaka 1965 iliuzwa kwa zaidi ya dola 300,000. Haina mbio, wala haipandi mlima bila ya kulalama. Wenyewe wanaipenda hivyo hivyo.

Sisi wa Madungu tunayo yetu ya kuenzi, nayo ni gari ya mbao. Lori lilikuja na injini na fremu yake tu. Bodi lilichongwa hapa hapa na maseremala wetu: mabenchi ya kutazamana, dari imara ya kubebea mizigo, na ubavu ulio wazi unaopitisha upepo. Abiria aliyeketi humo kuelekea Wete au Mkoani hakuwa na njia ya kumkwepa mwenzake. Alijua nani anauguliwa, nani anaoza na mikarafuu ya wapi imezaa. Juu ya dari zilikwenda ndizi, mihogo na magunia ya karafuu kavu za kupelekwa kituoni kwa Shirika la Biashara la Taifa. Basi dogo la kisasa lina viti vizuri, hatukatai. Lakini gunia la mkulima utalitia wapi?

Wako wanaosema kwamba mbao hazimkingi abiria gari inapopinduka. Hayo ni kweli, na hatuwezi kuyapuuza kwa ajili ya mapenzi ya vya kale. Gari mbovu iondoshwe barabarani, iwe ya mbao au ya bati. Tunachokiomba kwa wenye dhamana ya usafiri ni kwamba ukaguzi utazame breki, usukani, magurudumu na idadi ya abiria, usitazame umri wa bodi peke yake.

Lipo na jambo jengine, ambalo kwa maoni yetu ndilo la haraka zaidi. Mafundi wanaoijua kazi hii wamekuwa wazee, na vijana wanajifunza kutengeneza makochi. Ngome Kongwe ya Chake Chake ina makumbusho. Idara inayohusika na mambo ya kale ingeliweza kununua gari moja kabla haijakatwa vyuma chakavu, ikamwita seremala mmoja mzee pamoja na wanafunzi wawili watatu, wakaifumua na kuiunda upya ubao kwa ubao, vipimo vyote vikiandikwa. Gharama yake si kubwa, na seremala huyo bado yuko.