Tunamnyamazisha Tamari Tena

Katika 2 Samweli 13, Absalomu anamkuta dada yake Tamari akilia, vazi limeraruka, majivu kichwani. Anamwambia anyamaze, kwa sababu aliyemtenda ni ndugu. Mfalme Daudi anasikia, anakasirika sana, na hafanyi lolote. Tunaisoma habari hii tukiishangaa familia ile. Tusiishangae, ndugu zangu. Ndivyo tulivyo.

Siku hizi mwovu hapigi hodi. Anaingia kwa simu. Anajifanya mwanafunzi wa shule ya jirani, au wakala wa kazi za Muscat. Anamtumia binti bando, anamsifu, anaomba picha moja. Akishaipata anageuka: tuma nyingine, la sivyo mama yako na kwaya nzima wataiona. Wavulana nao hunaswa hivyohivyo, ila wao hata kulia tumewakataza. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Tanzania, kati ya watoto 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, 4 walitendewa ukatili wa kingono wa namna hii ndani ya mwaka mmoja. Hesabu darasa lako la kipaimara.

Na ikijulikana? Baba anafuta kila kitu kwenye simu kwa aibu, na ushahidi unakwenda nao. Mama anaambiwa hakulea. Binti anapakiwa basi kwenda kwa bibi Handeni. Kama mtu yule anafahamika, wazee wake wanakuja na maneno matamu na bahasha, yaishe kifamilia. Tunaita msamaha.

Kisha inakuja zamu yetu, baraza la wazee. Tunamtenga mtoto. Tunamtaka asimame mbele ya usharika atubu ndipo arudi kundini. Atubu nini? Kudanganywa na mtu mzima?

Wako wanaosema, "Lakini picha alituma mwenyewe." Alituma, ndiyo. Hata samaki huimeza ndoana mwenyewe. Mvuvi ni nani? Yule mtu alimwonya kwamba akisema nyumbani atapigwa na kuaibishwa, nasi tukamthibitishia kuwa alisema kweli. Mtoto wa pili, aliyekuwa anatuangalia kutoka benchi la nyuma, hatasema kamwe.

Simu isifutwe. Ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi pamoja na mtoto, au ipigwe 116, ni bure. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Na jumuiya iende nyumbani kwa yule mama bila maswali, ikae naye, isali naye, imchukue kwenye kikao cha akina mama alikoacha kwenda kwa sababu ya minong'ono. Binti abaki kwenye kwaya, mahali palepale alipokuwa akisimama.

Katika kikao kijacho nitaomba jina moja lifutwe kwenye orodha ya waliotengwa. Nililiandika mimi, kwa mkono wangu.