Kabla ulipie kozi ya picha, soma hii

Hili swali naulizwa karibu kila wiki: "Nataka kujua kupiga picha, si kazi, ni hobi tu. Nilipie darasa ama nijifunze mtandaoni?" Nimepitia njia zote mbili, na mfuko wangu bado unakumbuka. Maoni yangu ni haya: anza mtandaoni, lakini usiishie huko.

Tuseme ukweli, maarifa yenyewe ni ya bure. Marc Levoy, aliyekuwa profesa Stanford, alifundisha kozi nzima ya upigaji picha pale Google mwaka 2016, na mihadhara yote 18 iko mtandaoni bila kulipa hata shilingi. Ukiwa na bando na subira, utajua ISO ni nini, kwa nini f/1.8 inatia ukungu vitu vya nyuma, na kwa nini 1/500 inagandisha mtoto akiruka kamba. Hujaelewa? Rudisha nyuma. Video haichoki na haikuangalii vibaya.

Mimi niliishi hivyo mwaka mzima. Kila neno nililijua. Halafu shosho akafikisha miaka 80, familia yote ikaja, na kamera nikapewa mimi. Kila picha ilitoka vile vile: ukuta mweupe wa nyuma umetokea fiti kabisa, shosho mwenyewe ni kivuli. Na hiyo siku hairudi. Nilikuwa nimetazama video nyingi, lakini hakuna hata moja iliyowahi kuona picha ZANGU.

Ndio nikalipa shilingi 12,000, darasa la Jumamosi 6 hapa Nairobi. Jumamosi 2 za kwanza, manze, nilitaka kulia: slaidi tupu, vitu nilivyokuwa nimejua bure. Ya tatu mwalimu akasema tuonyeshe picha zetu. Akaangalia ile ya shosho kama sekunde kumi, akaniuliza, "Kijana, mwanga ulipimia wapi?" Nikanyamaza. Kumbe kamera haijui shosho ni nani. Inapima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Ikiona ukuta mweupe mkubwa inapunguza mwanga, na ngozi nyeusi kama yetu ndiyo inaumia. Dawa? Pimia usoni, ama ongeza mwanga kwa +1, ama mtoe shosho kwa huo ukuta. Sekunde kumi za mtu anayeangalia kosa lako zilinifunza kuliko mwaka wa video.

Wiki iliyofuata tukaenda Uhuru Park saa kumi na moja jioni. Video nyingi nilizotazama zilitoka Ulaya, ambako jua la kiangazi linashuka polepole kwa mshazari na mwanga laini wa jioni unakaa. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua linadondoka wima, na karibu saa kumi na mbili na nusu limeenda, mwezi wowote wa mwaka. KICC ikianza kung'aa dhahabu mbele yako, huna muda wa kutafuta kitufe. Hilo nililijua nikiwa nimesimama pale, kamera mkononi.

Kwa hivyo usilipie darasa ukiwa hujui chochote, utanunua slaidi. Jifunze misingi bure, piga picha mpaka upate maswali ambayo video haziwezi kujibu, halafu ndio ulipe. Na kabla ya kutuma pesa, uliza vitu vitatu: mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Tutakuwa nje na kamera saa ngapi? Nani ataangalia picha zangu na kuniambia ukweli? Wakianza na hadithi ya cheti, shukuru na uondoke. Kama ni hobi, nani atakuuliza cheti kwa harusi ya binamu yako?

Na kama hizo pesa huna, sina lawama. Tafuta mabeshte wawili wasiosema "kali sana" kwa kila kitu, mzunguke mtaani kila Jumapili, mkosoane. Hilo pia ni darasa.

Shosho anafikisha 81 mwezi ujao. Safari hii najua pa kumkalisha.