Manukato ya Namba 5 na Karatasi Iliyotiwa Sahihi

Juma hili twawasimulia habari za chupa ndogo ya manukato ijulikanayo duniani kote. Jina lake ni Chanel Namba 5. Wengi huijua harufu yake, lakini si wengi waujuao ugomvi uliotokea nyuma yake: ugomvi wa watu waliotia sahihi karatasi moja, kisha wakachukiana miaka mingi. Habari hizi zafaa kusomwa katika kila nyumba yenye mtu afanyaye biashara pamoja na mwenzake.

Gabrielle Chanel alizaliwa katika mji wa Saumur, Ufaransa, mwaka 1883. Wazazi wake walikuwa maskini, na baba yake alikuwa mchuuzi wa kuzunguka masokoni. Mama alipokufa mwaka 1895, baba aliwapeleka binti zake kwa Masista wa Aubazine, waliokuwa wakilea yatima. Huko Gabrielle alijifunza kushona, na sindano ndiyo iliyompatia riziki. Mwaka 1910 alifungua duka la kofia huko Paris, katika njia iitwayo rue Cambon. Miaka 10 baadaye mabibi matajiri walikuwa wakishindania nguo zake.

Siku zile kazi ya manukato haikuwa ya washonaji. Ilikuwa ya mafundi wengine, hasa wa Grasse, mji wa kusini ya Ufaransa. Wenyeji wa Grasse kwanza walikuwa watengeneza ngozi. Wakaanza kutia glavu harufu nzuri ili kufukuza uvundo wa ngozi, na polepole kazi ya harufu ikaipita ile ya ngozi. Mshonaji Paul Poiret ndiye aliyewatangulia wenzake kuuza manukato, mwaka 1911, lakini aliyaita kwa jina la binti yake, Rosine. Chanel alitaka chupa ichukue jina lake mwenyewe.

Basi alimwendea fundi Ernest Beaux, Mfaransa aliyezaliwa Moscow na kufanya kazi Urusi mpaka mapinduzi yalipomtoa huko. Beaux alimwekea chupa za majaribio zenye namba 1 mpaka 5, na 20 mpaka 24. Bibi huyo alizinusa, akachagua ya 5, wala hakutafuta jina jingine. Manukato hayo yakaanza kuuzwa mwaka 1921. Ndani yake mliungana asumini na waridi za Grasse, maua ya mlangilangi ambao hulimwa katika visiwa vya Komori, na dawa zilizotengenezwa na wataalamu, ziitwazo aldehidi. Hizo ndizo zinazoipa harufu yake ukali safi, kama wa nguo iliyofuliwa sasa hivi.

Tusisahau mikono ya wachumaji. Asumini ya Grasse huchumwa alfajiri, ua kwa ua, tangu Agosti mpaka Oktoba, na kilo moja yataka maua yapata 8,000 mpaka 10,000. Kisha maua hutiwa katika chombo kikubwa pamoja na maji ya dawa yanayonyonya harufu. Hubaki kitu kama nta, na nta hiyo husafishwa kwa spiriti. Kutoka katika mamia ya kilo za maua hupatikana kilo moja tu ya asili ya harufu.

Sasa twafika kwenye karatasi. Duka moja halikuweza kuyauza manukato hayo ulimwenguni. Mwaka 1924 Chanel alifanya mkataba na ndugu wawili, Pierre na Paul Wertheimer, wenye kampuni ya manukato iitwayo Bourjois. Wao walileta fedha, viwanda na wauzaji. Yeye alileta jina lake. Aliyewakutanisha, Théophile Bader, mwenye duka kubwa la Galeries Lafayette, alipata fungu lake pia. Katika kila franka 100 za faida, Wertheimer walipata 70, Bader 20, na Chanel 10. Duka la nguo lilibaki mkononi mwake peke yake. Siku ile aliridhika. Lakini chupa zilipoenea duniani, alizihesabu 10 zake na 90 za wenzake, na moyo wake ukajaa uchungu. Akawapeleka mbele ya waamuzi mara kwa mara.

Vita vilipokuja, uchungu ule ulizaa jambo baya. Ndugu wa Wertheimer walikuwa Wayahudi, nao mwaka 1940 walikimbilia Marekani. Wadachi walioishika Ufaransa waliweka sheria za kuwanyang'anya Wayahudi mali zao. Mwaka 1941 Chanel aliwaandikia watawala hao akiidai kampuni ile. Hakuipata, kwa sababu Wertheimer walikuwa wameikabidhi kwa Félix Amiot, mwenye kiwanda cha ndege, ambaye si Myahudi. Vita vilipokwisha, Amiot aliwarudishia.

Mwaka 1947 walipatana. Chanel akapewa 2 kwa kila 100 ya mauzo ya manukato dunia nzima, akawa tajiri sana. Hata mwaka 1954, alipolifungua tena duka la nguo alilolifunga mwaka 1939, aliyetoa fedha ni Pierre Wertheimer yule yule. Chanel alikufa mwaka 1971. Nyumba ingali mali ya ukoo wa Wertheimer, na tangu 1987 ina mkataba na jamaa moja ya wakulima karibu na Grasse, ambao huilimia asumini na waridi.

Tuseme nini? Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari peke yake haitoshi. Yampasa mtu kuyapima mafungu kabla ya kutia sahihi, akijiuliza, “Biashara hii ikikua mara 100, nitaridhika na fungu langu?” Na akiona baadaye kwamba alipunjwa, adai haki yake kwa njia ya haki. Chanel alipata kwa mapatano yale aliyoyakosa kwa hila, na barua ile ya 1941 ingali inasomwa kando ya jina lake. Manukato hayawezi kuifunika.