Mbachao na Msala Upitao: Kuhusu Kuhama Vyuo vya Sheria

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wa sheria hukabiliwa na suala ambalo huwakosesha wengi wao usingizi. Mwanafunzi amemaliza mwaka wa kwanza, amefaulu vyema, na sasa ameona nafasi ya kuhamia chuo kingine kinachosemwa kuwa bora zaidi. Je, aondoke au abaki? Wazazi humwambia hili, marafiki humwambia lile, naye hubaki njia panda. Wahenga walitukanya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini wahenga hao hao walisema tembea uone. Methali hizi mbili zikikutana, nani atakayeamua baina yao?

Huenda msomaji akauliza suala hili linahusu nini jarida la Kiswahili. Jibu langu ni kwamba linatuhusu kwa karibu kuliko tunavyodhani, nami nitalionyesha hilo baadaye. Kwanza tulipime lenyewe, maana uamuzi huu hugharimu familia fedha, na humgharimu kijana muda usiorudi.

Tuanze na neno "bora". Nchini Kenya hakuna orodha rasmi inayozipanga shule za sheria kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kilichopo ni orodha ya Baraza la Elimu ya Kisheria, chombo kilichopewa mamlaka yake ya sasa na Sheria ya Elimu ya Kisheria ya mwaka 2012. Orodha hiyo huonyesha vyuo vilivyopewa leseni ya kufundisha sheria. Haisemi ni kipi kinachopita kingine. Orodha nyingine tunazozisikia zikitajwa redioni na magazetini hupima vyuo vikuu kwa jumla, na baadhi yake hazipimi ufundishaji hata kidogo. Ile ya Webometrics, iliyoanzishwa nchini Uhispania mwaka 2004, iliundwa kupima hasa jinsi chuo kinavyoonekana katika intaneti. Chuo chaweza kuwa na tovuti nzuri ilhali maktaba yake ya sheria ni duni.

Hata kule ambako shule za sheria hupangwa waziwazi, imani katika orodha imetikisika. Nchini Marekani, jarida la U.S. News & World Report limekuwa likizipanga shule za sheria kila mwaka tangu 1990, na mwanafunzi kuhamia shule ya daraja la juu baada ya mwaka wa kwanza ni jambo la kawaida. Lakini mnamo Novemba 2022, shule ya sheria ya Yale, iliyokuwa ikishika nafasi ya kwanza miaka nenda miaka rudi, ilitangaza kujitoa katika zoezi hilo. Harvard ikafuata siku iyo hiyo. Mojawapo ya malalamiko yao ni kwamba vigezo vya orodha viliziadhibu shule zinazowasaidia wahitimu wao kufanya kazi za manufaa ya umma. Ikiwa aliye kileleni mwenyewe aitilia shaka ngazi, sisi tulio mbali tuna sababu gani ya kuiabudu?

Isitoshe, jina kubwa si ngao. Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Moi, iliyoanza mwaka 1994, ni miongoni mwa shule kongwe za sheria nchini. Hata hivyo, mwaka 2015 Baraza la Elimu ya Kisheria liliamuru ifungwe kwa madai ya kutotimiza viwango. Amri hiyo ilipingwa, na shule ikaendelea kufundisha. Sitoi mfano huu ili kuidunisha. Imetoa mawakili na mahakimu wengi wa kutegemewa. Nautoa kuonyesha kwamba sifa ya chuo na hali yake ya leo ni mambo mawili tofauti, na mwanafunzi anayetaka kuhama sharti aulizie yote mawili.

Jambo la pili ni kwamba shule zote za sheria nchini hubanwa na mtaala wa msingi ulio mmoja. Kanuni za elimu ya kisheria zimetaja masomo 16 ya lazima, yakiwemo sheria ya mikataba, sheria ya jinai, sheria ya katiba, sheria ya ushahidi, sheria ya mali na sheria ya familia na urithi. Hakuna chuo kinachoweza kumpa mtu shahada ya sheria inayotambuliwa huku kikiyaruka masomo hayo. Na baada ya shahada, kila anayetaka kuwa wakili kwa njia ya kawaida hupitia Shule ya Sheria ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1963. Huko husoma masomo 9, kuanzia uendeshaji wa kesi za madai na za jinai hadi uhamishaji wa milki za ardhi, kisha hufanya mtihani wa Baraza la Elimu ya Kisheria na kutumikia uanagenzi wa miezi 6. Mtihani huo hauulizi mtahiniwa alitoka chuo gani. Waswahili walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa mwanafunzi wa sheria, ngama ndiyo hiyo.

Sasa tumchukue kwa mfano mwanafunzi anayeishi na wazazi wake Kiserian. Mji huu uko kwenye barabara ya Magadi, mbele ya Ongata Rongai, chini ya vilima vya Ngong. Tuseme anasomea sheria katika mojawapo ya vyuo vilivyo upande wa Langata na Karen. Kila asubuhi hupanda matatu, akashuka, akasoma, na jioni akarudi kula kwao. Shule ya Sheria ya Kenya, atakakokwenda hatimaye, iko Karen, upande uo huo. Ghafla anapata nafasi katika Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanza mwaka 1970 na ambacho kwa miaka mingi masomo yake yamefanyika Parklands, ng'ambo ya pili ya jiji. Ni chuo chenye jina. Jaji Mkuu mstaafu David Maraga alihitimu huko mwaka 1977, na Jaji Mkuu Martha Koome, aliyeapishwa mwaka 2021, alihitimu huko mwaka 1986. Nani asiyetamani kukalia madawati hayo?

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Kwanza, kozi alizokwisha kufanya hazihami zote kama mizigo ndani ya buti la gari. Chuo kinachompokea ndicho kinachoamua kitambue kozi zipi na kitake zipi zirudiwe. Akiambiwa arudie, mwaka mzima wa karo umeyeyuka. Pili, aliyepangiwa chuo na shirika la KUCCPS hupewa kipindi maalumu cha kuomba uhamisho, na sharti awe na alama zinazotakiwa na kozi anayoiendea. Kipindi hicho kikimpita, hana budi kutafuta njia nyingine, na aghalabu njia hiyo ni ghali zaidi. Tatu, kutoka Kiserian hadi Parklands kwa kawaida atapita Rongai na Langata, aingie katikati ya jiji, kisha apande gari jingine. Ama atayatoa muhanga masaa ya kusoma kwenye foleni ya magari, ama atapanga chumba mjini. Kodi, chakula na nauli havitajwi katika orodha yoyote ya ubora. Nne, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Walimu wanaomfahamu, ambao wangemwandikia barua za kumpendekeza, atakuwa amewaacha nyuma.

Hata hivyo, nitakuwa mchoyo wa ukweli nikidai kwamba kuhama ni kosa siku zote. Zipo sababu za haki. Ikiwa leseni ya chuo chako ina mashaka, ondoka mapema. Shahada isiyotambuliwa ni karatasi tu. Ikiwa maktaba haina ripoti za kesi wala mwalimu wa somo la lazima haonekani darasani muhula mzima, ondoka. Ikiwa hakuna mashindano ya kesi za mfano wala kituo cha msaada wa kisheria ambapo mwanafunzi hukutana na mtu mwenye shida halisi, unayo haki ya kutafuta penye vitu hivyo. Tusisahau pia kwamba wenzako darasani ndio watakaokuwa mahakimu, wabunge na mawakili wenzako kesho, na chuo kikongwe kina wahitimu wengi waliotapakaa. Hiyo ni faida ya kweli, wala hatuna haja ya kuikejeli. Dkt. Willy Mutunga, Jaji Mkuu kuanzia 2011 hadi 2016, alivuka mpaka kwenda kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kitivo cha sheria kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1961. Aliyetembea, aliona.

Tofauti, basi, ni kati ya anayehama kwa sababu ya kitu anachoweza kukitaja na anayehama kwa sababu ya jina. Wa kwanza anajua anachokifuata. Wa pili anafuata msala, na hajui hata kama aliyeushika anakwenda kuswali.

Nimeahidi kuonyesha kwamba suala hili linatuhusu sisi wana wa Kiswahili. Kuna kipimo kimoja cha shule ya sheria ambacho sijapata kukiona katika orodha yoyote: je, mhitimu wake anaweza kumweleza mwananchi sheria hiyo kwa lugha anayoielewa? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai imetaja Kiingereza au Kiswahili kuwa lugha za mahakama za chini, na Kiingereza pekee kwa Mahakama Kuu. Sheria ya Shule ya Sheria ya Kenya ya mwaka 2012, ilipotaja alama za kidato cha nne, ilitaka wastani wa C+ pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Yaani Kiswahili kilihesabiwa kuwa mlango wa kuingilia taaluma. Lakini ukishaingia, mihadhara, vitabu na mitihani vyote ni Kiingereza, kana kwamba mlango ule ulichorwa ukutani tu.

Turudi Kiserian tuone madhara yake. Huko ardhi hununuliwa na kuuzwa kila siku. Mkataba wa mauzo huandikwa kwa Kiingereza. Mzee Mmaasai anayeuza kipande cha ardhi ya ukoo, na mama mchuuzi aliyedunduiza akiba yake anunue ploti, wote wawili huweka sahihi chini ya maneno wasiyoyaelewa. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, mauzo ya ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha bodi, na ombi la kibali hicho lapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano yafanywe. Bila kibali, mauzo ni batili. Ni wangapi waliowahi kuelezwa hilo kwa Kiswahili sanifu, taratibu, kabla ya kutoa fedha zao? Madalali huwaeleza wanayotaka kuyasikia. Wakili angeweza kuwaokoa, lakini wakili mwenyewe hajui kusema "batili" wala "kibali", hakufundishwa.

Wenzetu wa Tanzania wamepiga hatua. Mwaka 2020 Jaji Zephrine Galeba aliandika uamuzi wa Mahakama Kuu kwa Kiswahili, na mwaka 2021 Bunge lao likabadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hapa kwetu, mwanafunzi wa sekondari hufundishwa sajili ya mahakamani katika isimujamii, akaifanyia mtihani, kisha akifika chuo kikuu kusomea sheria yenyewe haisikii tena. Je, hii si hasara tunayojitakia?

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwa mwanafunzi anayefikiria kuhama: ongeza swali la Kiswahili katika orodha ya maswali yako. Uliza kama chuo unachokiendea kina idara ya Kiswahili inayoshirikiana na kitivo cha sheria, na kama kituo chake cha msaada wa kisheria huwahudumia watu kwa lugha yao. Ikiwa jibu ni la, na ulipo sasa jibu ni ndiyo, umepata sababu nzito ya kubaki. Kwa vyama vya Kiswahili na wahadhiri wetu: tusingoje kuombwa. Tuandae kozi fupi ya Kiswahili cha sheria, tuwaalike wanafunzi wa sheria, tutafsiri nao mkataba mmoja wa ardhi, hati moja ya kiapo, hukumu moja. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya wala bajeti ya wizara. Yahitaji darasa lililo wazi Jumamosi na watu kumi wenye nia.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chuo kitakachowatoa mawakili wanaoeleweka Kiserian na Kajiado hakitahitaji kutangazwa. Watu wenyewe watakitaja. Hadi siku hiyo ifike, anayetaka kuhama na ahame kwa hesabu, na anayebaki abaki kwa hesabu. Mradi kila mmoja ajue ni nani atakayekaa mbele ya meza yake siku moja, akiwa na karatasi mkononi, akimwuliza: "Wakili, hapa pameandikwa nini?"